Meza ya Presha Baada ya Ibada

Nilitoa ripoti ya kitanda kitupu. Wanaofanya kazi hospitalini wataielewa aibu yake, wengine niwaeleze. Shifti zinapobadilishana, wauguzi wanaotoka huzunguka wodi pamoja na wanaoingia, kitanda baada ya kitanda, wakieleza mgonjwa ni nani, anaugua nini, ameamkaje na amepewa dawa gani. Asubuhi hiyo nilikuwa natoka. Tulipofika kitanda cha kumi na moja nikaanza: mama wa miaka hamsini na mbili, ana sukari na kidonda kwenye mguu wa kushoto, nimembadilishia bendeji, anakula vizuri, halalamiki. Nilisema yote hayo nikiutazama mto usiokuwa na kichwa juu yake na shuka lililokunjwa pembe zote nne. Yule mama alikuwa ameruhusiwa kwenda nyumbani jana yake. Mimi ndiye niliyemtoa sindano ya maji mkononi. Mimi ndiye niliyemsindikiza hadi kwenye lifti, akaniombea baraka nyingi kiasi kwamba milango ilijaribu kujifunga mara mbili.

"Kweli huyu halalamiki," akasema mmoja wa wenzangu.

"Na asubuhi amekunywa nini, sista?"

"Amekunywa hewa. Andika hewa, kikombe kimoja."

Wakacheka, nami nikacheka. Msimamizi wa wodi, mama mmoja mrefu mwenye miwani ya kamba, hakucheka. Tulipomaliza mzunguko aliniita kwenye chumba cha mashuka na kufunga mlango.

"Nenda ukalale," akasema.

"Nina kliniki saa nane."

"Nimesikia. Nenda ukalale."

Sikulala. Nilioga, nikanywa chai, nikaenda kliniki.

Kliniki hiyo ilikuwa mtaa wa Tassia, chini ya ghorofa moja mkabala na duka la gesi, nami nilipanga chumba ghorofa ya tano, majengo mawili kutoka hapo. Hospitalini nilikuwa na kazi ya kudumu. Kliniki ilikuwa ya kibarua, siku ambazo kwa wengine ni za kupumzika. Ya kwanza ililipa kodi na mkopo wa chuo. Ya pili ililipa chakula, karo ya mdogo wangu, na nyama niliyowapelekea wazazi mtaa wa Jericho kila nilipoenda kuwaona. Nilikuwa nimezoea kusema kwamba nina siku tano za kupumzika kwa mwezi. Siku moja nikazihesabu kwenye kalenda na kukuta ni moja, na hata hiyo haikuwa ya kupumzika kamili, kama nitakavyoeleza.

Chuoni tuliambiwa kwamba uuguzi ni wito. Niliinua mkono nikauliza kama mhasibu wa hospitali naye ana wito. Mhadhiri akasema swali langu ni la mtu ambaye bado hajakutana na mgonjwa. Nimekutana nao sasa, wengi, na swali bado ninalo. Nimegundua kwamba neno hilo hutolewa kabatini siku maalum: wauguzi wakiuliza kuhusu marupurupu, wauguzi wakiwa wawili badala ya watano, na siku ya wauguzi ya kila mwaka, tunapokatiwa keki. Sijawahi kusikia fundi wa lifti akiambiwa ana wito, na lifti yetu ikikwama analipwa kabla hajafunga kisanduku chake cha vifaa.

Hata hivyo siwezi kusema niliichukia kazi. Ningeichukia, mambo yangekuwa rahisi. Nilikuwa na mkono mzuri. Mishipa iliyowashinda wengine mimi niliipata. Nilichochukia ni mtu niliyekuwa nageuka. Mgonjwa akiniita nilikuwa nahisi hasira kwanza, kisha ndipo najiuliza anataka nini. Mzee mmoja aliniomba nimsogezee kikombe, nikamsogezea bila kumtazama, kisha nikatoka nikasimama kwenye korido nikijaribu kukumbuka kama alikuwa na ndevu.

Barua ya kuacha kazi nilikuwa nayo kwenye simu, imekaa wiki tisa. Niliifungua karibu kila siku kubadilisha neno. Niliandika "kwa masikitiko," nikafuta, nikarudisha. Kuipeleka ndiko kulinishinda. Sababu moja ilikuwa pesa: akiba yangu ingenishikilia wiki saba, nane nikiacha kula nyama. Sababu ya pili ilikuwa harambee.

Nilipopata nafasi chuo kikuu, kanisa letu la Jericho lilinichangia karo. Baba alikuwa amestaafu kutoka reli, mama ni fundi wa nguo sokoni, na pesa za muhula wa kwanza hazikuwepo. Watu walijaza kanisa. Waliokuwa na pesa walitoa, wasiokuwa nazo wakaahidi, na mtu akaleta kuku wa kupigwa mnada. Mlioona harambee mnajua inavyokwenda: mtu ananunua kuku kwa bei ya mbuzi, watu wanapiga vigelegele, halafu anamrudisha ili anunuliwe tena. Kuku yule alinunuliwa mara sita. Nilikaa mbele nikiwa na gauni lililoshonwa na mama, nikimtazama kuku akipanda bei, nikajua kwamba kuanzia siku hiyo mimi ni wa watu wengi.

Kwa hiyo nilipofuzu, kwenye sherehe, nikiwa na maikrofoni mkononi, nikatangaza kwamba kila Jumapili ya kwanza ya mwezi nitawapima watu presha bure baada ya ibada. Hakuna aliyeniomba. Lakini maneno yaliyosemwa kwenye maikrofoni kanisani hayafutiki. Ndiyo maana ile siku yangu moja ya kupumzika ilikuwa na meza, kiti, mashine na foleni ya watu thelathini.

Baba, ambaye ni mzee wa kanisa, ndiye aliyesimamia foleni. Alifanya kazi reli miaka thelathini na moja, na watu wakisimama mbele yake huwapanga kama mabehewa: kila mtu na nambari yake, hakuna kuruka, hakuna kumshikia mwenzako nafasi. Na alipenda sana kusema, kwa sauti ya kutosha kufika barabarani, "Haya, nambari nane, kwa daktari wangu." Nilimwambia mara nyingi kwamba mimi si daktari. Alinijibu kwamba foleni haina neno na hilo.

Jumapili ninayoisimulia nilikuwa nimeamua kumwambia baada ya chakula cha mchana. Nilikuwa nimefanya mazoezi ya sentensi ya kwanza njiani. Lakini nambari nne alikuwa shosho mmoja, bibi mzee anayeuza githeri ya mahindi na maharagwe sokoni karibu na mama, mwanamke mdogo wa mwili, mwenye macho yasiyokosa kitu.

"Kaa sawa, shosho. Weka mkono hapa. Usiongee mashine ikifanya kazi."

"Niongee nini na umeshaninyamazisha?"

Nikamfunga mkanda. Akatazama vidole vyangu.

"Unatetemeka."

"Ni baridi."

"Na jua hili?"

"Shosho, usiongee, utaharibu kipimo."

Mashine ikamaliza. Sijui ni nini kilichonifanya nimwambie yeye kwanza. Labda ni kwa sababu alikuwa ameuliza. Niliinama kana kwamba naandika kwenye kadi yake, nikasema kwa sauti ya chini, "Shosho, nataka kuacha kazi."

Akashtuka. "Hii ya meza?"

"La. Ya hospitali."

"Aaa." Akashusha pumzi, akashika kifua. "Umenitisha, msichana. Sasa ni ngapi?"

"Nini?"

"Presha yangu! Si ndiyo tunapima?"

Nikamwambia ni ngapi. Akaridhika, akaanza kukunja kadi. Nami sikuweza kuliacha jambo hapo. Sijui kuacha mambo. "Na harambee, je?" nikauliza.

"Harambee gani?"

"Ya karo yangu. Wewe ndiye uliyemnunua kuku mara mbili."

"Mimi?" Akageukia foleni, na sauti yake ni ile ya kuitia wateja. "Jameni! Mimi nilimnunua kuku wa huyu mtoto?"

Mzee mmoja aliyekuwa nambari kumi au zaidi, fundi seremala, akajibu palepale. "Ulimnunua, tena mara mbili. Na ile ya pili hukulipa."

"Nilitoa ahadi!"

"Ahadi ya miaka tisa?"

"Wewe ulilipa yako?"

Mzee akaanza kuutazama ubao wa matangazo. Foleni nzima ikaangua kicheko, na watu wakaanza kutajana: fulani aliahidi mabati, fulani aliahidi gunia la mahindi na mpaka leo gunia halijaonekana. Nilisimama nikiwa na mpira wa mashine mkononi. Miaka yote hiyo nilikuwa nabeba deni ambalo nusu yake haikuwahi kutolewa, na nusu nyingine wenyewe walikuwa wameisahau. Nilijisikia mjinga, na papo hapo nikahisi mabega yangu yakishuka kidogo.

Baba akaja. "Kuna nini hapa? Foleni imesimama."

"Mtoto wako anatetemeka," akasema shosho. "Yeye hupimwa na nani?"

Baba akanitazama. Nikasema niko sawa.

"Sote tuko sawa," akasema shosho, "ndiyo maana tumepanga foleni. Keti."

Nikaketi. Ukweli ni kwamba sikuwa nimewahi kujipima, hata mara moja, tangu nilipofuzu. Nilikuwa nimegusa mikono ya watu wengi kiasi kwamba nilisahau kuwa nami nina wa kupimwa. Shosho alinifunga mkanda, akaufunga kinyume, nikataka kumrekebisha.

"Usiongee," akasema, na watu wakacheka. Alipoufunga sawa akabonyeza kitufe kwa kidole gumba, polepole, kama anayejaribu kama embe limeiva.

Mia moja sitini na mbili kwa mia moja na sita.

Baba akavaa miwani. Yeye mwenyewe hunywa dawa za presha, kwa hiyo nambari hizo anazijua kuliko za simu yake. Akasoma, akanitazama, akasoma tena.

"Hii ni yangu au yako?"

"Yangu."

"Mashine imeharibika."

"Basi jipime wewe."

Akajipima. Mia moja thelathini na nane kwa themanini na nne. Mzee wa miaka sitini na nane alikuwa amenishinda. Alinivutia kiti kivulini, akaniambia nikae dakika tano bila kuongea, kama ninavyowaambia wengine, kisha akanipima mkono wa pili yeye mwenyewe. Watu thelathini walisubiri kimya. Hata watoto wa shule ya Jumapili waliambiwa wanyamaze. Mia moja hamsini na nane kwa mia moja na nne.

"Mama," akasema. Baba huniita Mama, kwa kuwa nina jina la mamake. Huniita hivyo kwa utani mara nyingi, lakini siku hiyo haikuwa utani. "Mama, wewe hulala?"

Nikalia mbele ya foleni. Sikulia kwa uzuri. Shosho alinipa leso yenye harufu ya vitunguu, kisha akawatangazia watu kwamba meza imefungwa, waje mwezi ujao, na mwenye kuumwa kichwa aende kliniki kesho kama watu wengine wote. Na watu wakaenda! Hakuna aliyelalamika. Nilikuwa nimeamini kwamba siku nitakayofunga meza ile mtu ataanguka mlangoni.

Kwenye chakula cha mchana niliwaambia yote: kazi mbili, barua, kitanda kitupu. Nilitarajia hotuba. Baba akaanza kuuliza maswali, na hapo nikakumbuka tabia yangu ya kuuliza maswali nimeirithi wapi.

"Ukitoa mkopo na kodi, unabaki na ngapi?"

Sikuwa nimewahi kumwambia. Nikamwambia. Akaweka kijiko chini.

"Na hiyo ni ya digrii?"

"Ya digrii."

"Sasa nyama ulikuwa unanunua na nini?"

"Na pesa za kliniki."

"Kwani sisi tulikuambia tunataka nyama?"

"Mlidhani nalipwa vizuri."

"Tulidhani unalipwa vizuri kwa sababu ulikuwa unaleta nyama!"

Mama akaanza kucheka. Alicheka hadi akafuta macho kwa kanga, na kila akijaribu kuacha anaitazama sahani yangu na kuanza upya. Baba akashindwa kujizuia. Nami pia.

Mama alipopata pumzi akasema nihame Tassia nirudi nyumbani. Nikapinga. Nina miaka ishirini na minane. Nyumba yenyewe ni vyumba viwili vya kanjo, yaani vya halmashauri ya jiji, na jiko. Mtaa mzima ulicheza kwenye sherehe yangu ya kufuzu. "Watasema nimerudi," nikasema.

"Si utakuwa umerudi?" akasema mama. "Watakuwa wamekosea wapi?"

Karo ya mdogo wangu, akasema, tutaomba chuo chake kipokee kwa awamu, na msichana mwenyewe atakuja kushona vifungo vya sare wakati wa likizo, kwa kuwa vidole anavyo na simu haiwezi kuvitumia vyote. Haikuwa mipango mikubwa. Lakini mimi nilikuwa nimeifikiria peke yangu kwa wiki tisa, ghorofa ya tano, bila kufika hapo.

Kesho yake nilimwona daktari. Alinipima tena, akanituma kwenye vipimo, akanianzishia dawa na kunipa ruhusa ya wiki mbili, na kunionya kwamba siku mbili za kwanza nitalala kama mgonjwa. Nililala siku nne. Siku ya tano nikaipeleka barua, na kliniki nikaiaga kwa simu.

Msimamizi wa wodi aliisoma akiwa amesimama. "Umeandika 'kwa masikitiko,'" akasema. "Ni kweli?"

"Nusu."

"Nusu inatosha." Akatia sahihi, akabaki ameishika. "Mimi yangu niliiandika kwa mkono," akasema. "Wakati huo hakukuwa na simu za kuandikia." Sikumwuliza iko wapi. Ni mojawapo ya maswali machache ambayo nimewahi kuyaacha.

Nisiseme kwamba baada ya hapo kila kitu kilikuwa laini. Mwenye nyumba wa Tassia alikataa kurudisha amana mpaka nilipopaka ukuta rangi. Miezi miwili nilikaa kwenye kibanda cha mama sokoni nikipiga pasi sare za shule, na kila mteja wa tatu aliuliza kama hospitali imenifukuza. Kuna Ijumaa moja salio langu lilibaki la kununua mkate tu, na mkono wangu ukaenda wenyewe kwenye nambari ya ile kliniki. Mama alikuwa ananitazama. Alinipa sketi kumi na mbili za kupinda.

Kisha nikapata kazi Eneo la Viwanda, kwenye ghala la vifaa vya hospitali. Walitaka mtu anayejua tofauti kati ya katheta ya mkojo na katheta ya mshipa, anayeweza kufungua boksi na kusema hizi glavu zitapasuka. Hiyo ni elimu yangu yote ya miaka minne, ila imegeuzwa upande. Mshahara ni pungufu kuliko wa wodi. Lakini silipi kodi Tassia, sinunui nyama ya kujionyesha, na saa kumi na moja ninatoka. Katoni haiiti sista. Wiki ya kwanza nilikuwa nashtuka kwa ukimya wake. Natembea kwa miguu hadi Jericho jua likiwa bado lipo, nikiwa katikati ya mamia ya vibarua wanaotoka viwandani, na hakuna hata mmoja ambaye maisha yake yananitegemea mimi.

Watu huniuliza kama sikuipoteza digrii. Nami hujiuliza. Kuna siku nauona mkono wenye mishipa mizuri kwenye foleni ya benki na vidole vyangu vinawasha. Meza ya kanisani bado ninaiweka, Jumapili moja kwa miezi miwili, na watu ni walewale, na shosho bado hajalipa kuku. Dawa zangu daktari amezipunguza. Sijui kama nimeuacha uuguzi au nimeuweka kando. Nadhani wanaojua majibu ya maswali kama hayo hawajayauliza vizuri.

Wiki iliyopita, saa kumi na mbili jioni, nilikuwa jikoni na mama nikiosha sukuma wiki, simu ikalia. Alikuwa msimamizi wa wodi. Tukasalimiana. Akasema nafasi yangu iko wazi tena, na safari hii wameongeza kidogo.

"Wauguzi ni wangapi kwa shifti?" nikamwuliza.

"Wawili."

"Kwa vitanda vilevile?"

"Kwa vitanda vilevile."

Nilikuwa na jibu la adabu tayari, lile la kuomba siku chache nifikirie. Nikajisikia nikisema, "Asante, mkubwa. Hapana."

"Nilijua," akasema, na sikusikia lawama. "Ilibidi niulize. Una usingizi?"

"Mwingi."

"Basi."

Nikaweka simu kwenye dirisha, nikasubiri ile hatia yangu ya kawaida. Ilikuja, ndogo, ikasimama mlangoni kama mgeni asiyejua kama amekaribishwa. Maji yalikuwa bado yanatiririka.

"Ni nani?" akauliza mama.

"Wodi."

"Wanasemaje?"

"Wanakusalimia."

"Salamu zimefika," akasema. "Funga mfereji huo, maji ya kanjo hayarudi mpaka Alhamisi."

Nikafunga mfereji, nikachukua kisu, nikaanza kukatakata.